Kushukuru Si Kunyamaza: Mgonjwa wa Figo Ana Haki ya Kuuliza





Kuna maneno ambayo familia nyingi hapa Kampala zimeambiwa kwenye vituo vya kusafisha damu, na yameumiza kuliko sindano: "Shukuruni mmepata mashine." Huambiwa kijana anayeuliza kwa nini mama yake ametolewa kabla ya masaa manne kutimia. Huambiwa mke anayeuliza kwa nini mumewe anatetemeka kwa homa kila akitoka pale. Huambiwa binti anayeomba pazia. Na sisi, kwa kuwa tumefunzwa adabu na kumheshimu mwenye elimu, tunainamisha kichwa, tunasema Alhamdulillah, tunaondoka.

Sasa tuseme wazi. Alhamdulillah ni ya Mwenyezi Mungu. Haikuwekwa iwe kufuli la midomo ya wagonjwa. Kumshukuru Mola kwa kuleta mashine hakumzuii mtu kumuuliza binadamu mwenzake anaiendesha vipi. Anayesema "shukuru" badala ya kujibu swali hafundishi dini, anakwepa swali.

Hayo ndiyo maudhui yetu ya leo: kuwa na mashine si kuwa na huduma, na familia ya mgonjwa wa figo ina haki ya kuuliza, kuonyeshwa na kuandikiwa.

TUANZE KWA UADILIFU

Hatutaki kuonekana kama watu wasioona kilichofanyika. Kwa miaka mingi aliyefeliwa na figo Uganda alikuwa na njia mbili tu: kutafuta nafasi Mulago, au kuuza kiwanja na ng'ombe aende India. Wakati Mulago ilipokuwa ikikarabatiwa, kitengo cha kusafisha damu kilihamishiwa Kiruddu, kule Makindye, katika hospitali iliyojengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mbarara nayo ina huduma hiyo. Vituo vya binafsi vimeongezeka mjini. Mwaka 2023 nchi ilipata sheria ya kutoa na kupandikiza viungo, na Desemba mwaka huo huo figo ya kwanza ikapandikizwa Mulago, madaktari wetu wakishirikiana na wenzao kutoka India. Haya ni mambo ya kujivunia, na kuna wauguzi wanaofanya kazi hii kwa moyo kuliko mshahara wanaolipwa. Mwenyezi Mungu awalipe.

Lakini mafanikio ya hospitali hayafuti haki ya mgonjwa aliyelala pale Jumanne asubuhi. Mtu hali picha ya ufunguzi.

HESABU YA MASAA

Wanafunzi, chukueni kalamu. Figo mbili zenye afya hufanya kazi usiku na mchana, masaa 168 kwa juma. Mashine humsafisha mgonjwa kwa kikao cha masaa manne. Utaratibu wa kawaida duniani ni vikao vitatu kwa juma, yaani masaa 12. Hapa kwetu wengi, kwa upungufu wa pesa au kwa urefu wa foleni, hupata vikao viwili. Masaa manane kati ya 168!

Sasa fikirini mgonjwa huyo wa vikao viwili anatolewa saa moja kabla ya wakati kila mara, kwa sababu zamu inayofuata inasubiri nje. Kwa mwaka ana vikao 104. Amepoteza masaa 104. Ukiyagawa kwa manne ni vikao 26, robo nzima ya mwaka. Amelipa au ameandikiwa mwaka mmoja, amepewa miezi tisa. Kwenye daftari la kituo ataonekana amehudhuria vizuri sana, lakini nyumbani miguu inavimba, pumzi inakata akilala chali, na familia inaambiwa "ugonjwa umezidi".

Huenda ugonjwa haukuzidi. Huenda masaa ndiyo yamepungua. Mtajuaje kama hamkuuliza?

Mzee mmoja wa ukoo wetu alikuwa akienda kituo kimoja cha hapa mjini, jina hatulitaji. Kijana wake alianza kuandika kwenye daftari la shule saa ya kuwashwa na saa ya kuzimwa. Baada ya mwezi mmoja hakukuwa na kikao hata kimoja kilichotimiza masaa manne. Kingine kilikuwa na masaa mawili na nusu. Alipoonyesha daftari lile, aliulizwa: "Kwani wewe ni daktari?" Hakuwa daktari. Alikuwa na saa ya mkononi. Saa ya mkononi inatosha.

MAMBO SITA YA KUULIZA

Ubora wa kituo haupimwi kwa vigae vinavyong'aa wala kwa televisheni ukutani. Unapimwa kwa mambo ambayo mtu yeyote aliyesoma darasa la saba anaweza kuyauliza. Tunayataja sita.

1. Masaa na uzito. Mgonjwa apimwe uzito kabla na baada ya kikao, na uandikwe. Tofauti ya uzito ndiyo maji yaliyotolewa. Asipopimwa, anayeendesha mashine anakisia, na kukisia ndiko kunakomwangusha mgonjwa kwa presha kushuka ghafla. Mara kwa mara ipimwe pia damu ya kabla na baada ya kikao, kuona uchafu umepungua kiasi gani. Kipimo hiki hakina siri. Familia ionyeshwe namba na ielezwe maana yake.

2. Maji. Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu ndipo pasipoonekana.

Mtu mzima hunywa lita mbili tatu kwa siku, tena zinapita tumboni ambako mwili una kinga zake. Mgonjwa kwenye mashine, damu yake inatenganishwa na lita zipatazo 120 za maji kwa kila kikao, na kati yao kuna utando mwembamba tu. Kwa hiyo maji yaliyo salama kwa kunywa yanaweza kuwa sumu kwake. Klorini inayotusaidia sisi tusiugue kipindupindu inaharibu chembe nyekundu za damu yake. Ndiyo maana kila kituo kinatakiwa kiwe na mtambo wake wa kusafisha maji upya, klorini ipimwe kabla ya kila zamu, na vijidudu vipimwe kila mwezi maabara.

Mkidhani tunatia chumvi, someni habari ya mji wa Caruaru nchini Brazili. Mwezi Februari 1996, wakati wa ukame, kituo kimoja cha kusafisha damu pale kililetewa maji kwa malori kutoka bwawani, hayakuwa yametibiwa ipasavyo. Bwawani mlikuwa na mwani wa kijani unaotoa sumu ya ini. Vichujio vya kituo havikuizuia. Wagonjwa waliumwa kichwa, wakatapika, macho yakaingia ukungu, ini likaharibika. Zaidi ya watu 50 walikufa. Mashine zilikuwepo na wahudumu walikuwepo. Kilichoua ni maji.

Sasa sisi wa Kampala tunakunywa wapi? Sehemu kubwa ya maji yetu kwa miaka mingi imetoka Ggaba, kwenye ghuba ya Murchison ya ziwa Victoria (Nalubaale). Kwenye ghuba hiyo hiyo mfereji wa Nakivubo unamwaga uchafu wa mji mzima, na kila aliyepanda mashua pale ameuona ule mwani wa kijani juu ya maji. Hatusemi Shirika la Maji halisafishi. Linasafisha, kwa ajili ya kunywa. Wala hatusemi kituo fulani kina maji mabaya. Tunasema hivi: mji unaokunywa ziwa lenye mwani wa aina hiyo hauna ruhusa ya kuliacha jambo la maji kuwa imani. Daftari la vipimo vya maji libandikwe ukutani, na tarehe ya mwisho ya kubadilisha vichujio iandikwe. Kituo chenye maji safi kitapoteza nini kwa kubandika karatasi?

3. Usafi wa mikono, mpira wa shingoni na homa ya ini. Wagonjwa wengi huanza na mpira unaowekwa shingoni. Mpira huo ni wa muda. Njia iliyo salama zaidi kwa mtu wa kusafishwa miaka ni kuunganishiwa mishipa mkononi kwa upasuaji mdogo, ambao huhitaji majuma kadhaa kukomaa kabla ya kutumika. Muulizeni daktari tangu mwezi wa kwanza: mkono utatengenezwa lini? Mgonjwa anayekaa na mpira mwaka mzima bila yeyote kumtajia mkono, na kila mwezi ana homa, huyo hakupatwa na bahati mbaya. Amesahauliwa.

Na virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi juu ya meza au mashine siku saba. Kwa hiyo kila anayeanza apimwe, asiyekuwa nayo achanjwe, na mwenye nayo awe na mashine yake. Chanjo hiyo iliingia kwenye ratiba ya watoto Uganda mwaka 2002. Wengi walio kwenye mashine leo walizaliwa kabla ya hapo. Je, baba yako aliulizwa kuhusu chanjo? Glavu hubadilishwa kutoka mgonjwa mmoja hadi mwingine? Macho yako yanatosha kuona.

4. Umeme. Tangu Aprili 2025 usambazaji wa umeme umerudi mikononi mwa shirika la serikali, UEDCL, baada ya mkataba wa Umeme kumalizika. Lakini awe msambazaji yeyote, taa za Kampala tunazijua. Umeme unapokatika, takriban robo lita ya damu ya mgonjwa iko nje ya mwili wake, ndani ya mirija. Betri ya mashine husukuma damu kwa dakika chache tu, kisha muuguzi arudishe damu kwa mkono. Maswali ni mawili: jenereta inachukua muda gani kuwaka, na ni nani katika zamu hii aliyefundishwa kurudisha damu kwa mkono? Kama jibu ni "fundi yuko njiani", basi hakuna jibu.

5. Stara. Hili tunalitaja bila haya, kwa sababu kulifichia haya ndiko kumelidumisha. Kuna akina mama ambao mpira wao umewekwa kwenye paja, juu kabisa. Wanafunguliwa nguo kwenye chumba cha vitanda vingi, wanaume mkabala, wageni wakipita. Kuna bibi aliyeacha kwenda si kwa sababu ya pesa, bali kwa sababu alisema hawezi kufa mara mbili kwa juma. Wenye vituo, pazia haliagizwi ng'ambo. Linashonwa Owino kwa siku moja. Ukiweza kununua mashine ukashindwa na pazia, tatizo si bajeti. Tatizo ni kwamba humuoni aliyelala pale kuwa ni mama wa mtu.

6. Chakula. Figo zikifeli, madini ya potasiamu hujaa katika damu na yanaweza kusimamisha moyo usiku mmoja. Sasa angalieni sahani zetu: matoke, parachichi, ndizi mbivu, maji ya machungwa, tende. Vyote hivyo vina potasiamu nyingi. Viazi na ndizi zikikatwa ndogo, zikachemshwa kwa maji mengi na maji yakamwagwa, hupungua. Lakini matoke yetu hupikwa kwa mvuke ndani ya majani, hakuna maji yanayomwagwa. Mgonjwa wetu anapendwa, analishwa kwa mapenzi, na mapenzi yale yanamdhuru. Na Ramadhani ndiyo hatari zaidi: futari ya tende na vinywaji, halafu kuna anayeruka kikao ili asifungue. Wanavyuoni wengi wa zama zetu wamesema kusafishwa kwa mashine kunafunguza, na mgonjwa ana ruhusa yake katika dini. Basi asiruke kikao, na mashekhe wetu walisema jambo hili mimbarini kabla ya mwezi kuandama. Lakini la potasiamu si kazi ya shekhe. Ni kazi ya kituo kumkalisha mpishi wa nyumba ile na kumfundisha. Dakika ishirini tu. Vituo vingapi vinafanya?

VISINGIZIO, NA MAJIBU YAKE

"Serikali haina pesa." Aprili 2001 wakuu wa Afrika walikutana Abuja wakaahidi asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Uganda haijaifikia. Tarehe 31 Machi 2021 Bunge letu lilipitisha mswada wa bima ya afya ya taifa. Rais hakuutia saini. Jirani zetu Kenya, pamoja na lawama zote za malipo kuchelewa, walikuwa na mfuko wa NHIF uliolipia vikao viwili kwa juma, shilingi zao 9,500 kila kimoja, na mfuko mpya ulioanza Oktoba 2024 ukapandisha hadi 10,650. Kwa hiyo ukata ni wa kweli, lakini ukata nao una waliouchagua. Na rudieni orodha yetu ya sita: saa, mizani, karatasi ukutani, kunawa mikono, pazia, dakika ishirini za mafunzo. Lipi kati ya hayo linasubiri mkopo wa Benki ya Dunia?

"Mashine ni chache, lazima wengine wakose." Ni kweli, na tusidanganyane. Afrika ya Kusini mwaka 1997 alikuwepo mtu aitwaye Thiagraj Soobramoney, umri miaka 41, figo zimefeli, pesa zimemwishia. Hospitali ya Addington mjini Durban ilimkatalia kwa kuwa mashine hazikutosha. Akaenda hadi Mahakama ya Katiba. Tarehe 27 Novemba 1997 mahakama ilimkatalia nayo, na siku chache baadaye alifariki. Hukumu chungu. Lakini sikilizeni mahakama ilitegemea nini: hospitali ilikuwa na mwongozo wa maandishi wa nani apewe na nani asipewe, na iliufuata kwa haki bila kumpendelea mtu. Basi tuulize: mwongozo wa foleni yetu uko wapi? Nani ameuandika? Umebandikwa mlango gani?

Pasipo mwongozo wa wazi, foleni huwa na mwongozo wa siri: nani unamjua, simu ya nani imepigwa, bahasha ya nani imepita. Seattle, Marekani, waliweka kamati ya raia kuchagua nani awekwe kwenye mashine, na mwaka 1962 jarida la Life lilipoeleza kwamba wanatazama mali ya mtu, ndoa yake na mahudhurio yake kanisani, watu walishtuka. Miaka kumi baadaye, 1972, sheria ilipitishwa huko ya serikali kulipia takriban wagonjwa wote wa aina hiyo. Mabadiliko yalianza pale foleni ilipotolewa gizani.

"Wauguzi wamechoka, msiwalaumu." Hatuwalaumu! Muuguzi mmoja kuachiwa mashine nyingi kuliko anazoweza kuziangalia ni dhuluma kwake kabla ya kuwa dhuluma kwa mgonjwa. Kwa hiyo na hilo tuliulize kwa sauti: muuguzi mmoja, wagonjwa wangapi? Muuguzi mwema atafurahi kuona swali hilo limetoka kwa familia, maana yeye akiliuliza ataitwa mkorofi.

"Mkilalamika, mgonjwa wenu ataonewa." Hiki ndicho kisingizio kinachotisha, kwa sababu wakati mwingine ni kweli. Mgonjwa wa figo hawezi kugoma. Akisusa kituo siku tano sita, yuko hatarini kufa. Ndiyo maana asiulize peke yake. Tutarudi hapo.

"Ni kadari." Ajali ni ya Mwenyezi Mungu, hakuna muumini anayebisha. Lakini kumfunga ngamia kisha kutawakali, kila mtoto wa madrasa amefundishwa. Mtu aliyeacha ngamia bila kamba haitwi mcha Mungu, anaitwa mzembe. Na aliyeacha vichujio vya maji bila kubadilisha ataitwaje? Tusimsingizie Mola uzembe wa waja.

SISI JE?

Ni rahisi kuwashambulia wenye vituo na kumaliza makala. Lakini jamii yetu nayo ina desturi ya kutazamwa upya. Tunajua sana kuchangisha kwa ajili ya safari. Mgonjwa akitajwa baada ya sala ya Ijumaa kwamba anapelekwa India, ndoo inajaa. Mgonjwa huyo huyo akitajwa kwamba anahitaji nauli ya teksi mara tatu kwa juma kutoka Bwaise hadi Makindye, mwaka mzima, vichwa vinageuka. Safari ina picha za uwanja wa ndege. Nauli haina picha. Lakini ni nauli inayokosekana ndiyo inayomlaza mtu nyumbani Alhamisi.

Kwa hiyo tunapendekeza haya, nayo yanawezekana bila kusubiri mtu:

Kwanza, kila msikiti uwe na kamati ndogo ya wagonjwa wa muda mrefu, wanaume na wanawake. Sadaka na zaka za wanaostahili zipelekwe kwa mwezi, si kwa msimu. Na wanaolipia vikao wadai risiti yenye masaa, kama mnunuzi wa sukari anavyodai mizani.

Pili, maswali sita yapelekwe kwa maandishi na kamati, si na mgonjwa mmoja. Barua iliyosainiwa na watu ishirini haina kitanda cha kulipiziwa kisasi. Wakristo wenye wagonjwa pale pale waalikwe kutia saini. Figo hazina dhehebu.

Tatu, tuzijue haki zetu. Wizara ya Afya ilitoa Mkataba wa Haki za Wagonjwa mwaka 2009: mgonjwa ana haki ya kuelezwa matibabu yake, kuheshimiwa faragha yake, na kusikilizwa akilalamika. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2005 inampa raia haki ya kuomba taarifa zilizo kwa taasisi za serikali, na daftari la vipimo vya maji ya hospitali ya umma ni taarifa. Daktari akikosea kitaaluma, kuna Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la kupokea malalamiko. Milango ipo. Haijabishwa.

Nne, wanafunzi. Wewe uliye sekondari au chuo, unajua kusoma na kuandika vizuri kuliko babu yako aliyelala pale. Kazi yako ni daftari. Tarehe, saa ya kuwashwa, saa ya kuzimwa, uzito wa kabla, uzito wa baada, presha, homa ipo au haipo. Mistari saba kwa kila kikao. Miezi mitatu ya daftari hilo ni ushahidi ambao hakuna mkurugenzi anayeweza kuupuuza kwa kusema "shukuruni".

Tano, pimeni presha na sukari. Magonjwa hayo mawili ni miongoni mwa njia kuu za kufika kwenye mashine, na vipimo vyake ni rahisi kuliko chujio moja. Aliye salama leo asiseme makala hii haimhusu.

NENO LA MWISHO KWA WENYE VITUO

Hatukuiteni maadui. Baba zetu wako mikononi mwenu mara mbili tatu kwa juma, wengine mnawaona kuliko sisi watoto wao tunavyowaona. Hiyo ni amana. Mwenye amana haoni vibaya akiulizwa habari zake; anayeona vibaya ndiye anayetia shaka. Bandikeni vipimo vya maji. Timizeni masaa. Andikeni uzito. Shoneni mapazia. Mkifanya hayo, sisi wenyewe tutakuwa wa kwanza kuwasifu na kuwachangia.

Na nyinyi familia, kesho mkienda, semeni Alhamdulillah kwa moyo wote. Kisha toeni daftari mfukoni, mtazame saa, muulize.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape subira wanaowauguza, awape insafu waliopewa amana ya roho za watu, na awarehemu waliotangulia. Amin.